Corona ya Texas na hii ya kwetu mbona maandishi hayafanani? Feki ni ipi?

Mzee wa Kaunta
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada wa haraka maana nimewekeana dau la kreti na binamu yangu na sitaki kuliwa kizembe. Mimi niko kaunta hotelini huku Nungwi, wageni wanaipenda sana Corona, ile ya Mexico ya chupa nyeupe yenye taji, unakata ndimu unachomeka kipande kwenye mdomo wa chupa unampa mtu anasukumia mwenyewe kwa kidole. Sasa binamu yuko Houston, juzi kanitumia picha kashika ya kwake, nikazuum nyuma nakuta imeandikwa imeingizwa na kampuni ya Chicago. Nikageuza za kwangu kwenye friji zote, hakuna Chicago wala nini. Nikamwambia bro unauziwa feki, naye ananijibu feki ni yako huko kisiwani. Wajuzi mnasemaje?

Kizibo
Hakuna feki hapo mkuu. Ni bia moja yenye wenyewe wawili, na aliyewagawanya ni serikali ya Marekani.

Ngoja nianzie mbali kidogo. Cervecería Modelo, kiwanda kilichoanzisha Corona, kilianza Mexico City 1925 na Corona ikatoka mwaka huohuo. Aliyeikuza hasa ni Mhispania, Pablo Díez, mtu wa kijijini mkoa wa León aliyehamia Mexico 1905, na kufika 1936 yeye ndo alikuwa na hisa nyingi kuliko wote. Kampuni ikawa inameza viwanda vya wenzake kimoja baada ya kingine, hata ile bia ya Victoria iliyokuwepo tangu 1865 waliichukua 1935.

Sasa ruka mpaka 2012. AB InBev, wale wa Budweiser, tayari walikuwa na kama nusu ya hisa za Modelo, wakasema tunachukua zilizobaki kwa dola bilioni 20.1. Januari 2013 Wizara ya Sheria ya Marekani ikawapeleka mahakamani, hoja ni kwamba wa kwanza sokoni akimmeza wa tatu mnywaji ndo ataumia, maana huyu wa tatu ndo alikuwa anagoma kupandisha bei wenzake wakipandisha. Wakamalizana hivi, AB InBev achukue Modelo dunia nzima ila Marekani asiguse. Haki za kuuza Marekani, za milele, pamoja na kiwanda cha Nava kule Coahuila karibu na mpaka wa Texas, zikaenda kwa Constellation Brands kwa dola bilioni 4.75. Hiyo kampuni ya Chicago uliyoona ni ya hao Constellation. Kwa hiyo nyote mnakunywa halali, ila hela zenu zinaingia mifuko tofauti.

Ukwaju
Nakazia hapo kwa Kizibo. Na hao AB InBev ndo walionunua SABMiller 2016, na SABMiller ndo alikuwa mkubwa pale TBL, wale wanaotengeneza bia ya Kilimanjaro. Yaani Mzee wa Kaunta ukimuuzia mzungu Corona halafu wewe ukajifungulia Kilimanjaro, hela inaishia kwa tajiri yuleyule Ubelgiji.

Kichekesho kingine, 2023 Modelo Especial, bia nyingine ya hao Modelo, iliipiku Bud Light ikawa bia inayoingiza hela nyingi kuliko zote Marekani. Bud Light ni ya AB InBev. Modelo nayo ni ya AB InBev, kila mahali isipokuwa hapohapo Marekani 😂 Mtu umefungwa na timu yenye jina lako.

Mtu wa Bara
Mimi hiyo bia siigusi hata ya bure, nilisikia wafanyakazi wa kiwandani kule Mexico wanaikojolea, ndo maana ina rangi ile. Halafu mbona inanuka?

Shangazi wa Houston
Mwanangu Mtu wa Bara, huo uvumi ni wa 1987, pengine wewe hujazaliwa. Corona ilikuwa imeingia Marekani miaka michache tu nyuma na inauzika kama maandazi ya asubuhi, vijana wa California wameipenda, wenye bia zingine wakaanza kukosa usingizi. Walioiingiza wakaufuatilia ule uvumi hadi kwa msambazaji mmoja wa bia shindani huko Reno, Nevada, wakamshtaki, yakaisha kwa yeye kutamka hadharani kwamba Corona haina uchafu wowote. Lakini neno likishatoka, si unaona limefika mpaka kwako, na miaka yote hii.

Harufu sasa, hapo sikubishii. Mimi nimeuza duka la pombe hapa miaka kadhaa najua. Kuna kile kitu kinachotia bia uchungu, hopsi, kikipigwa na mwanga wa jua kinabadilika na kutoa harufu kama kicheche aliyeudhiwa. Chupa ya kahawia inazuia ule mwanga, nyeupe haizuii. Tulikuwa na boksi moja limekaa dirishani, zilizo juu ukifungua mtu anageuza uso, za chini kabisa ambazo boksi limezikinga ni nzima kabisa, boksi lilelile tarehe ileile. Kwa hiyo wewe wa Nungwi usizipange kwenye rafu ya nje ukimfurahisha meneja, weka gizani. Na ile ndimu, kila mtu ana hadithi yake ilikoanzia, ila mimi naona kazi yake nyingine ni kuficha hicho kicheche.

Kizibo
Shangazi umetisha 🙌 Na uvumi mwingine ni wa 2016. Antonino Fernández, aliyeshika kampuni baada ya Pablo Díez, alifariki akiwa na miaka 98. Alikuwa mume wa mpwa wa Díez, aliitwa Mexico 1949 akaanzia stoo, 1971 akawa bosi wa kampuni nzima. Magazeti ya Uingereza yakaandika kwamba amewaachia wanakijiji wa kwao Hispania, Cerezales del Condado, watu kama 80 hivi, kila mmoja mamilioni ya pauni. Dunia nzima ikasambaza, na mimi nilisambaza kwenye magrupu. Kumbe hola, hakuna aliyepewa hata senti. Alichowaachia ni taasisi ya utamaduni iliyojengwa hapohapo kijijini.

Dada Mwasi
Nilikaa Barcelona zamani, kule hiyo bia iliitwa Coronita kwa sababu kampuni moja ya mvinyo ilikuwa na jina Coronas tayari. Wamebadilisha 2016. Halafu Mexico kwenyewe wana chupa kubwa ya karibu lita nzima wanaiita caguama, maana yake kasa. Nilipenda sana hilo jina.

Ukwaju
Msisahau na Mexicali. Constellation walikuwa wanajenga kiwanda kikubwa kule, mji wa jangwani, wakulima wakalia maji yao yanaenda kuwa bia ya Wamarekani. Machi 2020 serikali ikaita wananchi wapige kura, asilimia 76 wakakataa, ujenzi ukasimamishwa ukiwa umefika mbali. Sasa wakahamia Veracruz kwenye mvua.

Mzee wa Kaunta
Asanteni sana wakuu, Shangazi shikamoo, nimeshazitoa zile za kwenye rafu nimezificha chini ya kaunta, moja nimeinusa, mnh. Nimemtumia binamu uzi wote huu anasema basi ni sare tugawane kreti. Kreti lenyewe liko hapa Nungwi na yeye yuko Houston, sijui atagawana vipi.