Mng'ao umezidi kwenye magemu, hatuoni tena tunachocheza!

Wakuu, hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu, leo nalitoa lote. Magemu ya siku hizi yanawaka mno. Siongelei jua linalopita dirishani wala mwenge pangoni, hivyo vina haki ya kuwaka. Naongelea ukuta wa mawe unaong'aa. Karatasi iliyolala mezani inang'aa. Paji la uso la mhusika linang'aa. Ukitoka tu nje ya jengo, anga lote linageuka jeupe, kingo za mapaa zinayeyuka, na picha nzima inakuwa kama kioo kilichopakwa mafuta ya mgando. Tumenunua skrini kali tuone vitu vizuri, halafu mtu anatumwagia ukungu juu yake!

Mbinu hii ya kuongeza mng'ao wenyewe wanaiita blumu, na kazi yake ya asili naikubali kabisa. Skrini ina kikomo cha weupe. Ikishafika hapo, jua na shati jeupe vinatoka na weupe uleule, na jicho linashindwa kuvitofautisha. Basi pikseli, zile nukta ndogo zinazounda picha, zilizovuka kiwango fulani cha mwangaza zinachujwa peke yake, nakala yake inapunguzwa na kutiwa ukungu hatua kwa hatua, tuseme kutoka 1920 kwa 1080 hadi 960 kwa 540, kisha 480 kwa 270, na kuendelea, halafu ule ukungu unajumlishwa juu ya picha. Jicho likiona duara laini limezunguka taa, linaamini taa ile ni kali kuliko skrini inavyoweza kuonyesha. Ni ubunifu wa watu wenye akili. Mwanga uliomwagika ndani ya kasri la gemu la Ico mwaka 2001 uligusa watu kwa sababu kasri lenyewe lilikuwa na giza. Tron 2.0 ya mwaka 2003 ilikuwa na haki ya kuwaka kila kona, maana ule ulimwengu wote umejengwa kwa mistari ya mwanga.

Sasa kila kitu kinategemea hicho kiwango cha kuchuja, na hapo ndipo wanapotuharibia. Wakikishusha, shati linapita, mchanga unapita, ngozi ya mtu inapita. Vyote vinaanza kutoa mwanga ambao havina. Matokeo yake jua lenyewe linapoteza ukali, kwa sababu halina tena kitu hafifu cha kusimama mbele yake. Msanii amehangaika kuchora nyufa za jiwe na nyuzi za kitambaa, mwingine anapitisha ukungu juu ya kazi yote ile. Mimi hilo naliona ni kudharau kazi ya mwenzako.

Gemu la Oblivion la mwaka 2006 linasemwa sana kwa hili, na kweli mawe na nyuso viliwaka juani kupita kiasi. Lakini tuwape haki yao: kwenye mipangilio ya kompyuta ulipewa uchaguzi, ama blumu, ama HDR (mwanga wenye upana mkubwa zaidi kati ya giza na weupe), ama bila chochote. Mwaka 2006! Leo nafungua menyu ya gemu jipya, nakuta mpangilio wa nywele, wa nyasi, wa vivuli, wa maji. Kitufe cha kuzima mng'ao hakuna. Nani aliamua kwamba macho yetu yote yanafanana? Kuna watu mwanga mkali unawaamshia kipandauso. Kuna wenye astigmatizimu, kasoro ya umbo la jicho, ambao taa tayari zinawatawanyikia bila msaada wa gemu.

Nikilalamika naambiwa "ndio uhalisia huo". Uhalisia wa nani? Viwanda vya lenzi vimekuwa vikipaka vioo tabaka za kuzuia mwakisi tangu miaka ya 1930, ili mwanga usitapakae ndani ya kamera. Mpiga picha analipa fedha nyingi kuikwepa kasoro hiyo, mtengenezaji wa gemu anaibandika makusudi na kuiita uhalisia. Na jicho? Jicho linatawanya mwanga lenyewe. Sasa hivi zipo skrini za HDR zinazofika niti 1000 (niti ni kipimo cha mwangaza wa skrini). Taa ikiwaka kweli kwa nguvu hiyo mbele yako, jicho lako linaizungushia mng'ao wa asili bila kuombwa. Ukiongeza ule wa kuchorwa, unapata mng'ao juu ya mng'ao. Ujanja uliobuniwa kufidia udhaifu wa skrini ungepaswa kupungua kadiri skrini zinavyoimarika. Wao wanauongeza.

Kinachonichoma zaidi ni mapambano. Bosi, yule adui mkuu, anainua upanga, na ile sekunde ya kuinua ndiyo ishara yako ya kukwepa. Huioni. Upanga unawaka, uchawi wa mwenzako unawaka, ngao inawaka, ardhi mlipokanyaga inawaka, katikati pamebaki doa jeupe. Unakufa bila kujua umepigwa na nini! Gemu linaniadhibu kwa kosa la picha yake. Ndiyo maana wachezaji wa mashindano kitu cha kwanza wanachofanya ni kuzima efekti hizi kila wanapopata nafasi. Wanataka kuona umbo la adui, basi.

Halafu kuna kumetameta. Kipande cha chuma cha mbali kinaakisi jua kwenye pikseli moja tu. Ukisogeza kamera kidogo, pikseli ile inawaka, inazima, inawaka. Peke yake usingeigundua, ila mbinu hii inaipanua na kuifanya tufe la mwanga linalopigapiga pembeni ya skrini. Dawa yake inajulikana, ni kupunguza uzito wa pikseli zenye ukali uliopitiliza kabla ya kutia ukungu, na bado magemu yanatoka bila dawa hiyo.

Ninachodai si kikubwa. Kiwango kipandishwe, king'ae kile tu kinachotoa mwanga, na pawepo kitufe cha kuzima kwenye kila gemu. Katika Unreal Engine, injini yaani programu ya kujengea magemu, mng'ao huja umewashwa tangu mwanzo, na kwa magemu mengi yanayotumia injini hiyo, mwenye kompyuta anaweza kufungua faili la Engine.ini, akaandika r.BloomQuality=0 chini ya [SystemSettings], na mng'ao ukazimika. Maana yake swichi ipo tayari ndani ya injini, kazi iliyobaki ni kuileta kwenye menyu! Mwenye konsoli, ile mashine maalumu ya kuchezea magemu, hana faili la kufungua. Amelipia gemu lilelile, analazimika kulicheza huku amekunja macho.

Wenye konsoli, tajeni hapa magemu mliyonunua yasiyo na kitufe hicho, tuwaandikie watengenezaji wake mmoja baada ya mwingine.