MREJESHO: Msimamizi wangu wa masters aliyekuwa anashika kila kitu maabara

Wakuu, niliwauliza nifanyeje na prof wangu, maana maabara yetu ya mbu hata kubadili saa ya kuanza testi lazima akubali yeye, na wengi mkasema nikamweleze uso kwa uso.

Nilienda, na karatasi moja mkononi nimeandika maamuzi yapi nifanye mwenyewe na yapi tujadili kwanza. Akasoma kimya, akachukua kalamu, akanipa na vitu ambavyo sikuthubutu kuomba, ratiba ya insektari (chumba cha kufugia mbu) na kuchagua praima za PCR (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kipimo cha vinasaba). Alipogoma ni kwenye kontroli tu, yaani mbu wa kulinganishia wasiowekewa dawa. Tukiwaweka mbu kwenye karatasi zenye dawa ya kuua wadudu, permethrin 0.75%, kwa saa moja halafu tukahesabu waliokufa baada ya saa 24, anataka aone vifo vya kontroli kabla sijagusa hesabu yoyote, kwa sababu vikiwa vingi testi nzima inatupwa, na waliopata dawa wakifa chini ya 90% ndio tunasema usugu wa mbu kwa dawa upo, na neno hilo linaweza kubadilisha aina ya vyandarua watu wanavyogawiwa. Hapo nilimwelewa kabisa.

Kujibu drafti usiku wa manane bado hajaacha, lakini hiyo hainisumbui. Mlioshauri nihame msimamizi asanteni, nabaki.

Sasa kanikabidhi dogo wa mwaka wa kwanza nimfundishe kupasua mbu, kutoa tezi za mate na kutafuta sporozoiti (vimelea vya malaria) kwenye hadubini. Mnaofundisha, mnajuaje muda wa kumwachia afanye peke yake umefika?