Tupeane uzoefu: maktaba ya chuo ilikufundisha nini cha kompyuta na intaneti?

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu anaingia mwaka wa kwanza Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, simu anaichezea kuliko mimi, ila nilipomwambia anitafutie makala ya kitaalamu kuhusu maji ya visima akaniletea mablogu matupu. Maktaba ile mpya iliyofunguliwa Novemba 2018 inachukua wasomaji 2,100 kwa mpigo, na sitaki awe anaingia kuchaji simu na kusoma madesa tu halafu anatoka. Mliopita vyuoni leteni ushuhuda nimsomeshe.

Mdau, Morogoro:
Mimi SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, maktaba yetu ndo maktaba ya taifa ya kilimo. Nilikuwa na proposo ya sumukuvu (aflatoxin) kwenye mahindi, kila makala ninayobonyeza naambiwa nilipe dola, bumu lenyewe limeisha. Dada mmoja mkutubi akanikalisha akanionyesha AGORA, databezi ya majarida ya kilimo iliyo chini ya mpango wa Research4Life, inafungulia taasisi za nchi zetu majarida bure au kwa bei ya chee, wewe unaingia kupitia maktaba. Halafu akanifundisha kutafuta, na hapo ndo nilifunguka macho. Usiandike swali zima kama unaongea na mtu, andika aflatoxin AND maize AND Tanzania, hiyo AND inakuletea makala zenye maneno yote matatu, neno lenye miisho mingi likate uweke nyota, contaminat* inakuletea contamination na contaminated zote. Mpaka leo niko kazini natumia hiyo hiyo.

Mdau, Nairobi:
Huku kwetu, chuo sitakitaja, siku ya oriantesheni tulizungushwa maktaba kama watalii, hii ni shelfu, ile ni kaunta, kwisha. Zotero nimekuja kufunzwa nikiwa masters, programu ya bure kabisa inakupangia referensi, na nikajiuliza mbona hii haikufunzwa mapema, watu wanapoteza usiku mzima wakipanga koma na nukta.

Mdau, mkutubi:
Naomba niongee kutoka upande wa kaunta. Siku hizi mwanafunzi anakuja na orodha ya referensi anataka nimpatie makala nzima nzima, natafuta, jarida lipo, mwandishi yupo, makala yenyewe haijawahi kuandikwa na mtu yeyote, imetungwa na akili mnemba. Simgombezi, kwa nini nimgombeze wakati hakuna aliyemfundisha? Tunakaa, namwambia chukua namba ya DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala, uibandike kwenye doi.org uone inakupeleka wapi, ikigoma tafuta kichwa cha makala kwenye tovuti ya jarida lenyewe, kisha usome muhtasari uone kama kweli inasema unachodai inasema. Wahadhiri mkituona, tupeni saa moja ndani ya somo lenu pale mnapotoa asaiment, maana wiki ya kwanza mtoto anawaza hosteli, hasikii kitu.

Mwanzisha mada:
Mkutubi ubarikiwe sana, hiyo ya DOI namfundisha leo leo. Sasa akiwa hosteli usiku, hizo databezi za majarida kama AGORA zinafunguka?

Mdau, mkutubi:
Vyuo vingi zinafunguka, ila lazima awe na akaunti ya kuingilia akiwa nje ya mtandao wa chuo. Aje kaunta aulize mapema, asisubiri wiki ya kukusanya ripoti, siku hizo foleni inafika mlangoni.