Waamuzi wa michezo ya shule tunafundishwa uungwana kwa lazima, wanaotutukana wamebaki nyumbani!

Wakuu, heshima kwenu.

Mimi ni mwalimu wa sekondari na huwa nachezesha mpira wa shule, kuanzia ngazi ya kata mpaka inapochaguliwa timu ya wilaya ya kwenda UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari Tanzania. Leo nimekuja na hasira, mnivumilie.

Wilayani kwetu limetoka tangazo: hakuna mwamuzi atakayepangiwa mechi ya shule bila kuhudhuria mafunzo ya uungwana michezoni na utatuzi wa migogoro. Nauli juu yako. Huna cheti chao, filimbi iweke kabatini. Sasa uliza, walimu wa timu nao wanakwenda? Hapana. Wakuu wa shule wanaowaongoza mashabiki na ngoma mpaka ndani ya mstari? Hapana. Wazazi? Nani awaite! Ni sisi wenye filimbi tu ndio tumeonekana hatuna adabu.

Nikaenda. Mwezeshaji (mtu mpole, sina ugomvi naye, katumwa) akabandika makaratasi ukutani, akatufundisha kushusha sauti, kutomnyooshea mtu kidole, kumsikiliza mwenye hasira mpaka amalize. Amalize saa ngapi, na jua linazama? Kisha tukaigiza. Aliyepewa nafasi ya kocha mkali akasimama akasema, "Mwalimu, naomba ufafanuzi." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, mwezeshaji anauliza kuna nini.

Jamani, hakuna anayekuja kuomba ufafanuzi. Msimu uliopita, nusu fainali ya kata, niliamuru penalti dakika za mwisho. Kiwanja kile hakina uzio wala kamba. Mistari ilichorwa kwa majivu, na ule wa pembeni ulishafutwa na miguu ya watazamaji tangu kipindi cha kwanza, mshika kibendera wangu anakimbia huku anapangua watu kwa kiwiko. Mwalimu wa timu akaingia uwanjani na fimbo mkononi, wanafunzi wake nyuma. Watoto wa kidato cha pili wananiimbia tusi nisiloweza kuliandika hapa, na mwalimu wao anaitikia!

Nikampa kadi nyekundu. Wala si ujeuri wangu: tangu 2019 sheria za soka zinamruhusu mwamuzi kumwonyesha mtu wa benchi kadi, ya njano au nyekundu, sawa na mchezaji. Tena kosa likitokea benchi na mkosaji asijulikane, anayeibeba kadi ni kocha mkuu aliyepo. Usiku ule ule nikaandika ripoti: jina, dakika, maneno yenyewe kama yalivyotamkwa. Kamati ikakaa. Jibu? "Yule ni mwenzetu, yaishe, peaneni mikono." Mechi iliyofuata alikuwa benchi, akanikonyeza.

Mjue kwamba waamuzi wengi wa michezo hii ni walimu kama mimi. Mkuu wa shule ninayemtoa nje leo, kesho ndiye mjumbe wa kamati inayopanga nani achezeshe. Karatasi ya ukutani haikuwa na mbinu ya hilo.

Na vurugu nyingi hata hazianzi na filimbi, zinaanza na mamluki. Shule inaleta jitu lina ndevu, limevalishwa jezi ya watoto, na wapinzani wanalijua hadi jina la mtaani kwa sababu wanacheza nalo ndondo, mechi za mitaani. Kuhakiki wachezaji ni kazi ya kamati kabla ya mechi. Lakini jitu likifunga goli, chupa inanipata mimi.

Dada mmoja anayechezesha netiboli ndiye aliyeuliza swali la maana siku ile: mzazi akinifuata mpaka stendi, nitumie mbinu namba ngapi? Mwezeshaji akasema atalifikisha juu. Haya.

Sikatai kufundishwa. Semina ya sheria ningeenda hata kwa miguu, maana wapo wenzangu mpaka leo hawajui kama kocha anapewa kadi. Ila kama cheti cha uungwana ni lazima, basi kocha asiyekuwa nacho naye asikae benchi. Fungeni kamba kuzunguka kiwanja, leteni hata mgambo wawili, na adhabu ikitolewa ibandikwe ubaoni shule zote ziisome.

Awamu ya pili ni Jumamosi. Mada: "kujitambua". Siendi, na wakinitoa kwenye ratiba wanitoe.

Wenye wilaya ambako mwalimu wa timu amewahi kufungiwa kweli kwa ripoti ya mwamuzi, nielezeni mlipitia wapi: kamati ya michezo, ofisi ya elimu au chama cha waamuzi? Nakala ya ripoti yangu bado ninayo na nataka kuipeleka upya.