Nimempa fundi wa kupamba nyumba tufe la marehemu baba atengeneze stendi, kalipaka rangi nyeusi lote! Acheni kuharibu matufe ya zamani

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika nikiwa na hasira na sina sababu ya kuzificha. Jumamosi nimerudishiwa tufe la dunia la marehemu baba likiwa jeusi tii. Limepakwa ile rangi ya ubao wa darasani, na juu ya Ikweta wameandika kwa rangi ya dhahabu maneno ya Kiingereza ya kuhimiza watu wasafiri. Kwa ambao hawajanielewa, nasema ile dunia ya mviringo iliyokuwa inakaa mezani kwa mwalimu wa jiografia, wengi tuliizoea kwa jina la globu.

Kazi niliyompa yule dada mpambaji ilikuwa moja tu: stendi. Mguu wa mbao ulikuwa umepasuka, tufe linayumba, nikamwomba atafute seremala auchonge upya kisha aliweke kwenye rafu ya sebuleni aliyokuwa ananitengenezea. Nikamlipa 180,000, nikasafiri wiki mbili. Kurudi nakuta msiba. Nampigia simu ananijibu kwa furaha kabisa: "Kaka, lilikuwa limechakaa sana, tumekuongezea thamani."

Thamani gani?

Ngoja niwaeleze lilikuwa kitu gani. Lilichapwa London na George Philip & Son, watu waliouza sana ramani na matufe ya shule enzi za ukoloni. Lilikuwa la shule aliyofundisha baba huko kusini, na alipostaafu mwaka 1984 wenzake wakamwachia, kwa sababu shule ilikuwa imeshapata jingine. Matufe mengi ya zamani hayaandikwi mwaka. Mwaka unausoma kwenye majina ya nchi, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Nilikaa nalo jioni nzima na taa na kioo cha kukuzia. Ghana ipo kwa jina la Ghana, kwa hiyo ni baada ya Machi 1957. Guinea ina rangi yake peke yake, haimo tena ndani ya Afrika Magharibi ya Kifaransa, kwa hiyo ni baada ya Oktoba 1958. Lakini Kongo bado ni ya Mbelgiji, na Mbelgiji aliondoka tarehe 30 Juni 1960. Yaani kwa kusoma majina matatu tu nimelibana ndani ya miaka isiyofika miwili! Rwanda na Burundi bado ni kitu kimoja kinachoitwa Ruanda-Urundi, Nyasaland (Malawi ya leo) imefungwa pamoja na Rhodesia mbili (Zambia na Zimbabwe za leo) kwenye shirikisho lao, Zanzibar iko peke yake, na sisi tumeandikwa Tanganyika, kwenye ile rangi ya waridi ya Waingereza. Ni picha ya dunia jinsi ilivyokuwa muda mfupi kabla haijabadilika, na baba alikuwa kijana anaifundisha hivyo hivyo.

Sasa kuna jambo ambalo ndilo limeniuma kuliko yote. Pale palipoandikwa Tanganyika, upande wa Ziwa Nyasa, vanishi ilikuwa imekwisha na karatasi imelika hadi plasta nyeupe inaonekana, doa la ukubwa wa kidole gumba. Sehemu nyingine zote za tufe zilikuwa nzima. Baba aliwahi kunieleza kwamba kila mwaka darasa jipya lilipoingia, kila mtoto aliitwa mbele aweke kidole mahali alipo. Kila mtoto, mwaka hadi mwaka. Hilo doa ni vidole vya watoto wa shule ile. Nilipomuuliza yule dada, akasema: "Palikuwa pamechubuka, tukapaziba na puti kwanza ndiyo tukapaka rangi." Wamepapiga na msasa pia ili pawe laini.

Nilishindwa kuongea, nikakata simu.

Najua watakuja wa kusema ni karatasi tu, safisha rangi uendelee na maisha. Hapana, hujui tufe linavyotengenezwa. Ramani huchapwa kwenye karatasi bapa kwa vipande vyembamba, mara nyingi 12, kila kimoja kipana katikati na kimechongoka ncha zote mbili kama mtumbwi ukiutazama kutoka juu. Vipande hivyo hulowanishwa gundi na kubandikwa kimoja kimoja kwa mkono juu ya mpira wa karatasi ngumu uliopakwa plasta, na herufi za kipande kimoja lazima zikutane na za kipande cha pili. Mwisho hupakwa vanishi. Kwa hiyo rangi mpya imeshikana na vanishi, vanishi imeshikana na wino. Ukikwangua kimoja unaondoka na vyote. Fundi aliyezoea makabati hajui hilo, na ndiyo maana fundi mwenye akili huuliza kabla ya kugusa kitu cha mtu.

Na si huyu mmoja tu. Hii imekuwa fasheni ya dunia nzima. Mitandaoni kumejaa video za kufundisha watu kununua tufe kuukuu kwa bei ya kutupwa, kulipuliza rangi ya dhahabu, kubandika maua, au kulikata katikati kwa msumeno liwe kivuli cha taa. Mwaka jana niliingia mgahawa mmoja hapa Dar, juu ya kaunta wamening'iniza nusu-matufe kama saba hivi, balbu ndani. Nikainua shingo nikaanza kusoma. Moja lina Zaire (Kongo ya Kinshasa) na Upper Volta (Burkina Faso ya leo) pamoja, maana yake lilichapwa kati ya 1971 na 1984. Jingine lina Salisbury badala ya Harare. Nusu nyingine ya kila tufe wameitupa, nilimuuliza mhudumu akasema zilikuwa hazina kazi. Wateja wanakula chini yake hakuna hata anayetazama. Chakula sikukimaliza.

Upande wa pili kuna wauzaji waongo. Watu wanaharibu matufe halisi, kisha wanapotaka "antiki" wanauziwa yale ya baa yanayofunguka Ikweta ndani mna nafasi ya chupa, ramani imejaa majoka ya baharini na meli za matanga, na wanaambiwa ni ya karne ya 16. Jamani! Tufe la kale kuliko yote ya dunia yaliyobaki ni la Martin Behaim, lilitengenezwa miaka ya 1490 hadi 1492, liko makumbusho ya Nuremberg, Ujerumani, na halina bara la Amerika kwa sababu Columbus alikuwa hajarudi kuleta habari. Matufe ya karne ile yanahesabika na yanalindwa, hayauzwi na dalali kwenye simu. Hayo ya baa ni fanicha ya juzi tu. Chukua kioo cha kukuzia uangalie rangi: ukiona vidoti vidogo vilivyopangana kama picha ya gazeti, huo ni uchapaji wa kisasa. Kulinunua si kosa, kosa ni kudanganywa ukalipa mamilioni.

Halafu watu wanadhani tunaopenda vitu hivi tunachukia mapambo. Mimi nalipenda tufe sebuleni kuliko televisheni. Liweke kwenye rafu ya mbao nyeusi, mbali na dirisha kwa sababu jua linakula rangi, bluu ya bahari inageuka kijivu. Sisi wa pwani tuna shida ya unyevu na wadudu wanaopenda gundi, kwa hiyo liache lipate hewa, usilibananishe na ukuta. Vumbi lipanguse kwa brashi laini kavu. Maji, hapana. Polishi ya meza, hapana. Ule umanjano ni vanishi iliyozeeka, ndio uzuri wenyewe. Na kabla hujamkabidhi mtu yeyote, lipige picha pande zote na mwandikie kwenye karatasi usiguse ramani. Mimi sikufanya hivyo. Nina picha mbili tu, na zote ni za upande wa Pasifiki, kwa sababu ndiko lilikokuwa limeelekea siku hiyo.

Mafundi wa mapambo mliomo humu, nawaomba sana. Mkiletewa tufe, tafuteni Afrika kwanza. Mkikuta Tanganyika, au Afrika Mashariki ya Kijerumani, au mkitazama Uturuki mkakuta Constantinople badala ya Istanbul, wekeni brashi chini mpigie simu mwenye nalo. Mkitaka duara jeusi la kuandikia, nunueni la plastiki jipya mlipake mnavyotaka, hakuna atakayewalaumu.

NYONGEZA, saa 4 usiku:

Nimesoma majibu yote, asanteni mlionipa pole. Mkuu uliyesema nipanguse na spiriti, nakushukuru kwa nia njema ila tafadhali mtu mwingine asijaribu ushauri huo. Spiriti inayeyusha vanishi ya zamani, na ramani itaondoka na kitambaa. Aliyeniuliza kwa nini nilimpa mpambaji na si fundi wa vitabu au makumbusho: nilimpa kazi ya stendi tu, si ya kurekebisha ramani, sikuwaza kabisa kwamba ramani ingeguswa. Kama kuna anayemjua mtu mwenye ujuzi wa kurekebisha karatasi za kale, hapa nchini au Nairobi, naomba aje faragha. Hata kama atasema haiwezekani, nataka nilisikie kutoka kwa anayejua.

Yule dada amenitumia ujumbe jioni hii. Anasema yuko tayari kunirudishia 180,000 yote. Sikumwomba hela. Nimemuuliza kama seremala au kijana wake yeyote alilipiga picha kabla hawajalipaka rangi, upande wa Afrika. Amesema ataulizia kesho asubuhi.