WAJUKUU WA BIBI MUHEZA 🍊

Jumanne

Da Zuhura 06:41
Asalaam aleikum wapendwa. Shule zinafungwa wiki ijayo. Kama tulivyosema kwenye arobaini ya baba mdogo, likizo hii ya Juni watoto wote 9 wanakwenda Muheza kwa mama. Wiki mbili. Hakuna simu, hakuna katuni. Wacheze kwa mikono yao kama tulivyocheza sisi. Majina kabla ya saa nne.

Da Zuhura 06:43
Kila mtoto abebe dumu tupu la lita 5, maboksi, vizibo vya soda, soksi kuukuu za kutengenezea mpira, na nguo za kuchafulia. Mchango 25,000 kwa kichwa.

Da Zuhura 10:20
Naona mmesoma watu 11. Majibu sifuri.

Rama 10:22
Dada, ukimya wetu ni adabu

Da Zuhura 10:22
Rama, wako ni wawili?

Rama 10:25
Kwanza tazameni hii
📷 Picha

Rama 10:26
Lori la Twalha. Dumu la mafuta ya kula kalikata juu, ekseli ni vijiti vya mishikaki, usukani waya wa kuanikia nguo. Tena linakata kona

Mwanahawa 10:31
Mashallah! Hadi taa za vizibo 😍

Rama 10:32
Sasa ulizeni matairi yametoka wapi

Rama 10:32
Ndala zangu za msikitini. Zina siku nne tu. Kila moja kaitoboa duara mbili, moja kisiginoni moja kwenye vidole. Alfajiri ya leo nimezivaa gizani bila kujua, dole gumba linasalimiana na lami

Mwanahawa 10:33
😂😂😂 Lina bima hilo?

Rama 10:34
Trafiki wa nyumbani ni mama yake, kashapokea chake

Da Zuhura 10:40
Jamani TIKETI. Shule zikishafungwa, Stendi ya Magufuli huingiliki.

Mwanahawa 11:15
Wangu watatu weka. Mdogo ana kikohozi, jioni asikae nje. Na wakitaka kurusha tiara wabebe magazeti. Rambo ndiyo hazipo tena tangu zilipopigwa marufuku Juni 2019. Chelewa zipo kwa bibi, gundi ni uji wa ngano mzito. Mkia wasiweke tambara la jinzi kama mwaka ule, tiara ililala kama imelewa

Rama 11:16
Haikulewa. Iliona mbali ikarudi

Hamza Muheza 15:50
Shkamooni. Kichuguu cha nyuma ya choo bado kipo, udongo wake mzuri sana wa kufinyangia. Ila safari hii tuanike kivulini, ng'ombe wa mwaka jana tuliwaweka juani wakapasuka zizi zima. Na machungwa yameiva

Da Zuhura 15:58
Asante Hamza. Wengine jifunzeni kwa mtoto. Mama Ilham? Wifi umesoma tangu asubuhi.

Jumatano

Da Zuhura 07:02
@Mama Ilham

Mama Ilham 13:05
Nipo wifi. Ilham atabaki huku.

Da Zuhura 13:06
Kwa nini tena? Kiti chake nimeshakihesabu.

Mama Ilham 13:11
Si umesema wanakwenda kucheza kwa mikono. Wangu alishacheza kwa mikono hapo Muheza. Ilivyovimba hiyo mikono naijua mimi niliyeikanda.

Rama 13:12
Cherehani

Da Zuhura 13:14
Hilo lilikwisha. Niliomba radhi.

Mama Ilham 13:19
Ulimwomba Salim, kwa simu. Mimi nilikuwa sebuleni hapohapo nakutazama.

Mwanahawa 13:20
Jamani jamani

Rama 13:21
Kuna mwenye ndala namba 9 asizozihitaji?

Da Zuhura 13:21
Rama si wakati wake

Da Zuhura 13:26
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Mama Ilham 13:27
Nimeshausoma.

Hamza Muheza 20:17
Bibi kaniambia nimsomee kikundi chote tangu jana. Nimesoma. Sasa ananiambia niandike, nisipunguze neno.

Hamza Muheza 20:21
"Zuhura mwanangu. Umehesabu watoto, umehesabu madumu na soksi. Mwenye nyumba hukumhesabu. Nasikia wageni wangu kwa Hamza."

Hamza Muheza 20:26
"Cherehani ni yangu na uzi ulikuwa wangu. Ulitoka dirishani ukapita kwenye mpapai ukafika mwembe wa jirani. Nyinyi mliona uzi unaharibika. Mimi nilimuuliza mtoto. Akaniambia mvua imejaza ua, sisimizi hawana pa kupita, anawafungia daraja. Hakuna mwingine aliyemuuliza. Uzi ule nimeuzungusha kwenye kopo la maziwa, upo kabatini."

Hamza Muheza 20:30
"Na wewe mama Ilham. Mwaka wa tatu huu unanitumia sukari kwa basi. Sukari hata duka la hapa ipo. Mjukuu wangu sijui sasa ananifika wapi, kiunoni au begani."

Hamza Muheza 20:33
"Zuhura atangulie Jumamosi. Peke yake, bila hilo daftari lake. Mama Ilham naye aje, mtoto amshike mkono mwenyewe, asimpakie kwa mtu. Mkikaa mbele yangu ndiyo hao wengine wapande basi."

Hamza Muheza 20:33
Amemaliza. Kaniambia nizime data.

Da Zuhura 21:50
Sawa mama.

Mama Ilham 22:14
Nimesikia mama. Nimsubiri baba Ilham apatikane nimwambie.

Alhamisi

Da Zuhura 06:30
Tiketi nimelipia 6. Nyingine 3 wakala anazishika hadi kesho saa sita mchana, baada ya hapo anauza. Mtu wa kulala na watoto wiki ya pili hajapatikana. Mchango umeingia wa Mwanahawa peke yake.

Rama 06:52
Wangu mwisho wa mwezi. Ukate na ndala

Da Zuhura 06:53
Na Jumamosi nani ananisindikiza

Da Zuhura 08:40
Mmesoma.

Salim Muscat 11:02
Salaam ndugu zangu. Nilipeleka mzigo Salalah, njiani huko jangwa tupu hakuna mtandao. Nakuta jumbe 94, nani anifupishie? Ilham naye kaniachia sauti anataka uzi mwekundu roli zima, hasemi wa nini

Da Zuhura 11:04
Mpigie mkeo kwanza.

Da Zuhura 11:05
Uzi nunua.

Mwanahawa 11:40
Samahani nimechelewa, dumu la lita 10 linakubalika? Za 5 tumemaliza