Naomba ushauri: siku tatu Delhi, Agra na Jaipur kwa gari la peke yetu, mama ana magoti mabovu. Ratiba hii inatekelezeka?

Dada Mkubwa (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za muda huu. Mdogo wangu anahitimu chuo kule India, mji wa Greater Noida karibu na Delhi, wiki ya pili ya Desemba. Mahafali ni Jumatano, ndege ya kurudi ni Jumapili usiku kutokea Delhi. Hapo katikati tuna Alhamisi, Ijumaa na Jumamosi, na mama kashatangaza ukoo mzima kwamba harudi nyumbani bila kuiona Taj Mahal.

Tuko watatu: mimi, mama (miaka 66, kutembea anatembea vizuri, kinachomshinda ni ngazi) na mhitimu mwenyewe. Sitaki kumpakia kwenye basi la watalii la kusimamishwa kila nusu saa na kuhesabiwa. Nimempata wakala mmoja wa Delhi, anatoa gari la peke yetu, dereva, na mwongoza watalii kwa kila mji. Ratiba aliyonitumia:

Alhamisi: kuchukuliwa Greater Noida saa tatu asubuhi, kuzunguka Delhi (Red Fort, India Gate, kaburi la Humayun, Qutb Minar), usiku kwenda kulala Agra.

Ijumaa: Taj Mahal jua likichomoza, ngome ya Agra, kisha Jaipur kupitia Fatehpur Sikri (mji wa kale wa mfalme Akbar).

Jumamosi: Jaipur, yaani ngome ya Amber, Hawa Mahal, Jantar Mantar na City Palace, halafu usiku huohuo kurudi Delhi.

Naomba mnisaidie: imebana sana? Jaipur tuiache? Na huyo mwongozaji wa kila mji ana umuhimu au dereva anatosha? Wakala anataka nusu ya hela wiki hii. Nawasilisha.

kondakta_mstaafu

Ijumaa Taj Mahal imefungwa. Si sikukuu wala matengenezo, ni kila Ijumaa ya mwaka. Wanaoingia ni wanaokwenda kuswali kwenye msikiti wake tu. Usitume hata senti kabla huyo wakala hajakueleza alikuwa anawapeleka kuangalia nini alfajiri ya Ijumaa.

Dada Mkubwa

Loh! Na ameiandika kwa herufi kubwa kabisa, "TAJ SUNRISE". Asante sana mkuu. Sasa nipange vipi?

Jirani wa Noida

Dada, mimi nimesoma hukohuko Greater Noida, naomba nikuonyeshe kitu ambacho wakala wa Delhi hakukitazama kwa sababu ofisi yake iko Delhi. Barabara ya haraka ya kwenda Agra, Yamuna Expressway, inaanzia hapohapo Greater Noida mlipo. Ni kilomita 165 za njia iliyonyooka hadi Agra, ilifunguliwa mwaka 2012. Yeye anataka kuwarudisha nyuma mjini Delhi, mkae kwenye foleni mchana kutwa, halafu usiku awapitishe tena pale mlipotoka asubuhi.

Alhamisi nendeni Agra moja kwa moja. Ondokeni saa tatu, msiwahi zaidi ya hapo. Desemba kule asubuhi kuna ukungu ambao usipouona hutaamini, taa ya gari la mbele inapotea ukiwa nyuma yake tu, na ajali za magari kugongana kwa mfululizo kwenye hiyo barabara husikika karibu kila msimu wa baridi. Kwa mwendo wa kistaarabu saa saba mchana mko hotelini. Saa nane na nusu ingieni Taj. Tiketi inadumu kwa muda wa saa tatu na jua linazama kama saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo mtaliona lile jiwe likibadilika rangi mpaka mtakapotolewa. Hiyo "sunrise" ya Desemba watu wengi wanalipia ukungu.

Ijumaa ngome ya Agra asubuhi, kisha Fatehpur Sikri, mkalale Jaipur. Jumamosi Jaipur nzima bila kukimbizwa. Jumapili asubuhi ukungu ukishapungua, Jaipur hadi Delhi. Ni kama kilomita 270, weka mwendo wa muda wa saa tano hadi sita. Ndege yenu ni usiku, mtapata hata muda wa Qutb Minar, iko kusini mwa jiji na si mbali na uwanja wa ndege.

Sukari Guru

Napingana kidogo na Jirani. Ningegeuza mduara: Alhamisi Jaipur, Ijumaa njiani, Jumamosi Taj, jioni Delhi. Hapo Jumapili mnaamka Delhi penyewe. Kusafiri saa tano na zaidi siku ya ndege na mtu mzima ni kujitafutia presha.

Jirani wa Noida

Hoja yako ya Jumapili naielewa mkuu, ila Jumamosi Taj ni nyomi. Wahindi wenyewe wanakuja kwa familia wikiendi, foleni ya ukaguzi tu inaweza kummaliza mama. Alhamisi ina nafuu. Na ukigeuza mduara, hiyo Alhamisi wanatoka Greater Noida kuivuka Delhi nzima asubuhi ya siku ya kazi. Ndege ya usiku inavumilia gari kupata pancha, goti halivumilii foleni.

kondakta_mstaafu

Naungana na Jirani. Kwa sharti kwamba Jumapili saa nne asubuhi wawe barabarani, asitokee mtu wa "tupitie dukani kidogo".

Mtoto wa Reli

Kwani treni vipi? Gatimaan inatoka kituo cha Hazrat Nizamuddin, Delhi, hadi Agra kwa kama dakika 100. Gari la nini?

Jirani wa Noida

Treni nzuri sana hiyo, kwa aliyelala Delhi. Huyu yuko Greater Noida, kufika tu Nizamuddin asubuhi ni safari nyingine. Halafu akishafika Agra, Fatehpur Sikri na Jaipur ataendaje na mizigo ya mahafali?

Bi Magoti

Mwanangu, nakujibu kama mama, maana magoti yangu na ya mama yako yanafanana. Watu wanasifia majengo tu, ngazi hawazitaji.

Taj: magari ya mafuta hayakaribii, dereva wenu anaishia kwenye maegesho na mtapanda vigari vya umeme hadi getini. Bustani ni tambarare, viti vya magurudumu vinapatikana. Shida ni lile jukwaa lenyewe la kaburi, lina ngazi za kupanda. Mgeni analipa rupia 1,100 kuingia, na 200 za nyongeza ni za kwenda juu kwenye kaburi. Kama mama ataridhika kukaa bustanini, mkatieni ya 1,100 tu. Ile sura inayojulikana inaonekana hapohapo chini. Ndani ya kaburi kamera hairuhusiwi, na makaburi yanayoonekana ni alama tu, wenyewe wamelala chumba cha chini kilichofungwa.

Fatehpur Sikri: mkatae mtu atakayewapeleka Buland Darwaza kuanzia chini. Ni lango la mita 54, zuri sana, lakini ngazi zake zinapanda utadhani ukuta. Ingieni upande wa kasri la Akbar, mabasi madogo yanawapandisha kutoka maegesho. Na kwa kuwa ni Ijumaa, upande wa msikiti mchana utakuwa umejaa.

Amber: magari ya jeep ya kupanda mlimani yapo, yachukueni. Tembo waacheni, mnyama anapandishwa mlima siku nzima na watu mgongoni, na mama hatapenda kule kuyumba.

Hawa Mahal: hapa mama atafurahi. Ndani kwenda ghorofa za juu hakuna ngazi za kawaida, ni njia za mteremko. Jengo la 1799 lililomkumbuka mwenye magoti kuliko hoteli nyingi za leo!

Sukari Guru

Bi Magoti umeua. Niongeze Abhaneri, iko njia ya Agra kwenda Jaipur. Kuna kisima cha kale, Chand Baori, kina ngazi 3,500 zilizopangwa kama mchoro hadi chini. Kushuka wamezuia, kila mtu anachungulia juu, kwa hiyo mama na vijana watakuwa sawa. Ila Ijumaa yenu ina ngome, Fatehpur na mwendo wa kilomita 240. Kama hamjatoka Fatehpur saa nane mchana, kisima kiacheni.

Mzee wa Baraza

Swali la mwongozaji naona limerukwa. Dereva haingii ndani ya majengo, kazi yake ni barabara. Mkimtegemea yeye mtatembea katikati ya mawe mazuri msiyoyajua. Agra na Jaipur chukueni mwongozaji, na mwambieni aonyeshe kitambulisho cha Wizara ya Utalii kabla hajaanza kuongea. Wanaowakimbilia kwenye maegesho, hasa Fatehpur, wapiteni tu.

Jaipur mtamhitaji zaidi Jantar Mantar. Bila maelezo ni kama uwanja wa ujenzi ulioachwa. Ni vyombo vya nyota vya Sawai Jai Singh wa Pili, aliyeanzisha mji huo mwaka 1727. Saa yake kubwa ya jua ina urefu wa mita 27. Mwombeni mwongozaji awasimamishe kwenye ule upinde wa marumaru na mkodolee ukingo wa kivuli bila kupepesa. Unatembea kama milimita moja kila sekunde, unauona kwa macho.

Dada, mama yako anasoma Qur'ani? Kama anasoma, huko Taj atafaidi kuliko ninyi wote. Lile lango kubwa la kuingilia bustanini limeandikwa Suratul Fajr, herufi nyeusi ndani ya marumaru, hadi ile aya ya nafsi yenye kutua inayoambiwa iingie Peponi. Unaisoma, halafu unavuka kizingiti na bustani inakufungukia. Kwenye matao ya kaburi ni Yasin. Maandishi ya juu yamefanywa makubwa zaidi ili anayesoma kutoka chini ayaone sawasawa. Msimharakishe hapo langoni.

Na mpangilio wa Jirani una uzuri mwingine: ngome inakuja baada ya Taj. Mfalme Shah Jahan alianza kuijenga Taj, kaburi la mkewe Mumtaz, mwaka 1632. Mwaka 1658 mwanawe Aurangzeb akampokonya ufalme na kumfungia humo ngomeni mpaka alipofariki mwaka 1666. Kutoka kibaraza chake mnaiona Taj kwa mbali, pale mto unapopinda. Ukiwa umeshaigusa jana, leo ukaitazama kutoka pale aliponyimwa yeye kwenda, hadithi inaingia yenyewe.

Dada Mkubwa

Mzee wa Baraza, mama ni mwalimu wa madrasa! Nimemsomea ulichoandika, sasa anauliza kwa nini tusikae hapo langoni siku nzima.

Nimemtumia wakala ratiba ya Jirani. Kajibu kwamba "inawezekana", hakusema lolote kuhusu Ijumaa yake, ila kaongeza "karakana ya marumaru" Agra na "maonyesho ya mazulia" Jaipur, bure kabisa.

kondakta_mstaafu

Bure kwako, yeye ana kamisheni. Atakula saa nzima kila mji, na wewe saa ndiyo huna. Mwandikie: hakuna duka lolote ila tukiomba wenyewe. Kama hataki kuandika, tafuta mwingine, Delhi wamejaa.

Mengine yawe kwenye maandishi kabla ya malipo: bei imejumlisha ushuru wa barabara, maegesho, kodi za gari kuingia majimbo ya Uttar Pradesh (iliko Agra) na Rajasthan (iliko Jaipur), na chakula na malazi ya dereva. Hayo ndiyo hugeuka "nyongeza" njiani. Tiketi za majengo jilipieni wenyewe mtandaoni. Nusu ya hela ni nyingi kwa mtu aliyewapangia Taj siku ya Ijumaa, mpe sehemu ndogo ya kushikia nafasi, iliyobaki apokee mkiwa naye.

Na usiku wa Jumatano akutumie picha ya gari. Gari la biashara India lina namba ya njano yenye maandishi meusi. Likija na namba nyeupe ni gari la mtu binafsi, halina kibali cha kubeba abiria wa kulipa, na likisimamishwa mpakani mwa jimbo mtakaokaa juani ni ninyi. Usipakie hata begi.